Nimeshuka Rukuba na kipaza sauti

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kisiwa kizima. Kisiwa nilichozaliwa!

Mnajua kazi yangu, naongoza watalii. Wiki hii nilikuwa na walimu wastaafu wanane kutoka Dar. Tumezunguka mbugani siku tano, jana tukamalizia Musoma mjini (kwetu huku ndio mji mkubwa, wa Dar nyamazeni). Ikabaki siku moja ya ziada. Asubuhi, kwenye chai, wakataka niwatajie sehemu za kwenda na kurudi.

Nikazitaja. Butiama, kwenye makumbusho na lile kaburi ambalo kila Mtanzania analijua. Bunda, tukazunguke mitaa ya Manyamanyama, tule samaki, turudi. Na Rukuba, kisiwani, kwa boti. Rukuba niliitaja haraka haraka huku nakohoa.

Niwaambie ukweli kwa nini. Mama yangu amezikwa Rukuba. Alifariki miezi minne iliyopita, mimi niko porini na wageni, simu haishiki. Iliposhika, nikakuta wameshamzika tangu jana yake. Na kwetu, aliyekosa mazishi haji tu kama mtu anayetembea. Akifika hasalimii mtu. Anashuka analia, ananyoosha mpaka kaburini, akimaliza ndipo anapewa mkono. Kila siku nilikuwa najiambia nitaenda wiki ijayo. Niliogopa, basi. Nilimkosa mama yangu na nikaogopa kuonekana.

"Rukuba pakoje?" akauliza Mama Tesha, kiongozi wao (amestaafu, lakini bado anakutazama kama hujaleta daftari).

"Hapafai, mama. Wadudu wa ziwani wanaingia mpaka mdomoni. Mawimbi. Hata soda ni za moto."

"Wewe umejuaje?"

"Si nimezaliwa kule!"

(Mdomo huu. Mdomo huu!)

Mama Tesha akaweka kikombe chini. "Yaani kwenu ni kisiwani, halafu unataka kutupeleka makumbusho? Wanaotaka Rukuba, mikono juu."

Nikahesabu mikono tisa. Kuna babu alinyoosha miwili.

Nikapanga hivi: sishuki. Navuta kofia, nabaki kwenye boti, nahodha anawazungusha. Njia nzima nimejikunyata ndani ya jaketi la kuokolea maisha, rangi ya chungwa. Tulipokaribia mwalo, pale boti zinapoegeshwa, Mama Tesha akanigeukia. "Mwongozaji, mbona umepoa? Tuchangamshe!"

Wapendwa, kazi ni mazoea. Miaka tisa nafanya hivi. Mkono ukachukua kipaza sauti wenyewe, miguu ikasimama mbele ya boti, nikasikia sauti yangu inasema:

"Rukuba oyeeee! Wageni wenu tumefika!"

Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakasimama. Mmoja akaweka ungo chini, akaja hadi maji yakamfika magotini. Shangazi yangu, dada wa baba.

"Majura? Ndo wewe? Miezi yote hiyo, leo unakuja kwa mama yako na spika?"

Halafu akapiga yowe. Lile la msiba. Wenzake wakaitikia, wameshika vichwa, mwalo mzima ukalia kama mama amekufa leo. Na nyuma yangu, wageni wangu wakapiga makofi! Babu wa mikono miwili akatoa simu, akaanza kurekodi.

"Ngoma yao nzuri sana hii," akasema. "Waulize, wanaweza kuanza tena? Mwanzo umenipita."

Nikaruka majini. Nilikuwa nalia kabla sijafika mchangani, kilio cha kweli, makamasi na kila kitu. Kichwani kofia ya kampuni. Mkononi kipaza sauti, na sikukizima. Kwa hiyo Rukuba nzima, na nadhani na samaki, imenisikia nikimwita mama kwa sauti ya mtu anayetangaza mnada. "Mamaaa! Nisamehe mamaaa!" Watoto wa shule walitoka madarasani kusikiliza.

Kaburini nikajitupa chini. Jaketi likanirudisha juu. Nikajitupa tena, likanirudisha tena. Limetengenezwa mtu asizame, na mimi nilitaka kugusa udongo tu. Vifungo navivuta, havifunguki. Nimelala juu ya kaburi la mama yangu na uso haufiki!

Aliyenifungulia ni Mama Tesha. Alikuwa ameshaelewa. Amejifunga khanga kiunoni, wenzake wako nyuma yake, simu zimerudi mifukoni. Akanivua jaketi. Akazima kipaza sauti.

"Lia sasa, mwanangu," akasema.

Nikalaza shavu kwenye udongo. Wale walimu wakaanza kuimba taratibu, na kina mama wa mwaloni wakadakia. Sijui tulikaa muda gani.

Nilipoinuka, shangazi akanipa mkono. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema, "Mama yako akisikiaga boti ya wageni, alikuwaga anashuka mwaloni. Anasemaga, labda leo Majura amewaleta huku."

Mimi nilikuwa Butiama. Kila kundi nalipeleka Butiama, hata mama akiwa hai, kwa sababu barabara ni nzuri na tunawahi kurudi. Nawasimamisha wageni mbele ya kaburi la watu, nawaambia wavue kofia.

Wageni wameshaondoka na nahodha. Shangazi kanikataza kupanda boti, lazima nilale hapa. Naandika nikiwa juu ya jiwe, ndipo mtandao unaposhika. Babu amenitumia ile video na pole nyingi. Sijaifungua.

Haya, chekeni, nimestahili. Ila mwenye mama ampigie kwanza, ndipo aje acheke.