Programu ya Milango Minne

Sogeeni karibu, ila mjihadhari na vumbi la mbao.

Mjini palikuwa na bwana mmoja wa suti, wakimwita Fundi Maneno. Siku moja, kwenye duka la kompyuta, alimsikia mama mmoja akimlalamikia muuzaji kwa sauti ya kuamsha mtaa:

"Mashine ya kuchonga ninayo, mwanangu, na michoro ninayo. Ninachokosa ni programu ya kuiambia mashine kisu kipite wapi. Hizi zenu mnazikodisha kila mwezi kama nyumba! Na jioni mteja anakuja kuchukua milango minne ya kabati. Asipoikuta, kazi anapeleka kwingine."

Masikio ya Fundi Maneno yakasimama kama ya sungura. Programu ya namna hiyo, ya bure kabisa, alikuwa nayo. Aliijua vizuri tangu alipofanya kazi kwenye karakana ya kuchonga vibao vya matangazo, kabla hawajamfukuza kwa domo.

"Shikamoo, shangazi," akamwahi mlangoni. "Mimi ndiye wakala. Unalipa mara moja, unatumia maisha."

"Marahaba, baba. Ila kichwa changu kizito. Nionyeshe kwanza."

Karakanani kwa shangazi, Fundi Maneno akavua koti, akafungua kompyuta yake, akaiunganisha na mashine. Akachagua kisu, akapima kina, akabonyeza. Mashine ikanguruma, na ua likachanua kwenye mlango wa kwanza.

"Zuri," akasema shangazi. "Lakini kwenye mbao ngumu?"

Akachonga wa pili.

"Na ukingo wa mviringo je?"

Akachonga wa tatu, jasho likimtiririka. Wa nne, shangazi alibonyeza mwenyewe, mwalimu akipuliza vumbi na kumsifu.

"Umeiva, shangazi. Sasa tuongee bei."

Shangazi akafunua kitambaa juu ya meza. Chini yake palikuwa na kompyuta, na kwenye kioo programu ileile.

"Hii niliipata bure wiki iliyopita, baba. Nilikosa mwalimu tu."

"Kumbe pale dukani…"

"Nilipaza sauti. Mawakala kama wewe huwa hawako mbali."

Nje, honi ikalia. Mteja alikuwa amefika, anakagua saa yake.

"Na kwa kuwa unatoka," akasema shangazi kwa upole kabisa, "nisaidie kuifikisha milango garini."

Fundi Maneno akavaa koti lake, akainama, akaibeba yote minne.