Tundu Kwenye Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, tarehe 3

Kabla ya kwenda kazini nimetunga uzi kwenye sindano ishirini. Nimezichomeka kwenye pazia, nyeusi juu, nyeupe chini. Mama amekuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, lakini mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, na tundu la sindano kwake sasa ni kitu cha kusimuliwa. Akimaliza sindano ya ishirini, kazi ya vifungo na pindo imekwisha mpaka nirudi. Daktari wa macho amesema jicho la kulia lifanyiwe upasuaji mwezi huu. Tukichelewa hatathubutu kuligusa.

Bima ya afya ya serikali inanihusu mimi tu. Wazazi wa makarani wa muda hawamo. Kuna muswada wa kuwaingiza. Mheshimiwa wangu anaupinga.

Mimi ndiye mtunza Daftari la Misimamo. Kila jambo lina ukurasa wake, na katikati ya kila ukurasa pana sentensi moja: anaunga mkono, au anapinga. Naandika kwa penseli. Wiki yangu ya kwanza niliandika kwa wino, Mheshimiwa akaniita, akaniambia kwa upole kuwa wino, mwanangu, ni wa makaburini. Ana mambo mengi, hawezi kukumbuka yote. Kila akitaka kukutana na waandishi wa habari huniuliza: kijana, mimi nasimama wapi? Namsomea. Anakwenda kusimama hapo.

Muswada unahitaji saini mbili siku ya Ijumaa ili uanze kutumika wiki ijayo: yake, na ya kiongozi wa upande wa pili, mwenye ofisi ng'ambo ya korido. Huyo tunamwita Bibi Msimamo kwa sababu anajisifu hajawahi kuyumba. Yeye anaunga mkono.

Karani wake namwita Tai Nyekundu, kwa ile tai yake. Tulisoma darasa moja. Miaka minne yeye wa kwanza, mimi wa pili. Leo kanisimamisha kwenye ngazi akauliza hali ya mama. Sikumjibu! Mtu hamuulizii mama yako bure. Tena kwapani alikuwa na bahasha ya kahawia, kubwa kuliko faili lolote la serikali. Nilipoitazama akaigeuza upande wa pili. Siri za ofisi yetu, hakuna kingine.

Jumanne, tarehe 4

Nimefanya jambo. Mwandiko huu usamehewe.

Saa saba, wote wakiwa wamekwenda kula, nilifungua ukurasa wa arobaini na moja. Mheshimiwa anapinga. Nikafuta neno la pili. Nikapuliza vumbi. Nikaandika: anaunga mkono. Nikalitazama. Likanitazama. Nikafunga daftari na kulikalia, kama kuku na yai.

Nimewahi kuiba maembe mara moja maishani, nikayarudisha mwenyewe kabla hata mwenye mti hajaamka. Na leo hii nimehamisha mtu mzima kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine!

Saa nane Tai Nyekundu akachungulia mlangoni, akasema mbona natoka jasho, je, tumefungiwa madirisha? Nikasema ni homa. Akasema pole, kisha akaongeza eti nina bahati, homa yangu mimi ina bima. Maneno ya kuchomana! Kwa nini aseme hivyo kama hajui kitu?

Jumatano, tarehe 5

Jamani. JAMANI.

Saa tatu Mheshimiwa alisimama mbele ya kioo, akifunga koti. Kijana, kwenye hili la bima mimi nasimama wapi? Nikasoma. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mbu. Akajitazama kiooni. Nikahesabu vifungo vya koti lake, vitatu. Nikaanza kufikiria maisha ya gerezani, kama wanaruhusu penseli.

Akasema: bila shaka.

Akatoka. Akawaambia waandishi wa habari kuwa taifa linalowasahau wazazi halina adabu. Akatoa leso. Akalia! Machozi ya kweli, nilikuwa nimesimama karibu. Mwandishi mmoja akauliza, si wiki iliyopita tu, mahali hapahapa, alisema muswada huu ni wa wavivu? Mheshimiwa akamtazama kwa huruma, akasema yeye hajawahi kusema hivyo, na kama alisema, alinukuliwa vibaya na yeye mwenyewe. Mwandishi akaandika!

Hakuna aliyeshtuka. Nilishtuka peke yangu, kwa niaba ya wote.

Nimerudi nyumbani nikatunga sindano thelathini. Mama akauliza leo kuna nini. Nikasema serikali imeona mwanga. Akasema basi imemtangulia yeye.

Alhamisi, tarehe 6

Siku mbaya. Naandika kwa mpangilio nisije nikachanganyikiwa.

Saa tatu: Bibi Msimamo ametangaza kuwa anaupinga muswada! Yuleyule! Anasema ameupinga moyoni tangu mwanzo, na kitu kinachomliza yule bwana wa ng'ambo ya korido hakiwezi kuwa na heri. Nilikuwa nakunywa maji. Yalipitia puani.

Saa nne: nikawaza. Kumbe Bibi hautazami muswada, anamtazama Mheshimiwa. Akisikia kwamba Mheshimiwa atapinga, ataunga mkono. Nikaandika karatasi: SIRI. MHESHIMIWA ATAPINGA KESHO. Nikaisahau kwa makusudi kwenye mashine ya fotokopi. Nikajificha nyuma ya kabati la faili. Tai Nyekundu akaja, akaisoma mara mbili. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alijishika kichwa, akasema Mungu wangu, akakimbia na bahasha yake. Mnafiki wa kiwango cha juu!

Saa saba: Bibi Msimamo ameunga mkono tena! Anasema hakuwahi kutoka. Nilitaka kuruka, nikakumbuka mimi ni mtumishi wa umma.

Saa nane: Mheshimiwa amesikia redioni. Amefoka mpaka vikombe vikalia. Eti hawezi kuweka saini pamoja na yule mama hata kwenye karatasi ya kukiri kwamba kuna jua. Kijana! Weka napinga!

Kwa hiyo uongo wangu wa saa nne ulikuwa ukweli kufikia saa nane. Nilifuta. Nikaandika anapinga. Alipotoka nikafuta. Nikaandika anaunga mkono, maana Mheshimiwa akilala na hasira huamka bila hasira wala kumbukumbu, ndiyo siri ya afya yake. Saa kumi akarudi kuchukua miwani, akataka kuuona ukurasa! Nikageuka ukutani, nikafuta, nikaandika anapinga. Akaridhika. Alipofika kwenye ngazi nikafuta tena.

Ufutio ukatoboa.

Ndiyo. Ukurasa wa arobaini na moja una tundu. Pale palipokuwa na msimamo wa Mheshimiwa hapana kitu, waweza kupitisha vidole viwili. Nimejaribu gundi. Nimejaribu kubandika karatasi, ikaonekana kama kiraka cha suruali. Nimeacha.

Mama amesema nakula kama mtu anayesubiri hukumu.

Ijumaa, tarehe 7

Sijui nianzie wapi.

Hapa kwetu viongozi hawa wawili hawasaini meza moja, tangu siku waliyogombania kiti chenye mikono. Kila mmoja hupewa nakala yake ofisini mwake, saa nne kamili, kisha tarishi huzikusanya. Hakuna anayejua mwenzake kafanya nini mpaka wino umekauka.

Saa nne kasoro dakika mbili. Nakala iko mezani. Kalamu iko mkononi. Kijana, nasimama wapi? Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Nikajaribu tena, ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Mheshimiwa akachoka kusubiri, akaninyang'anya daftari, akavaa miwani, akafungua mwenyewe.

Akilini niliona mama yangu akipapasa pazia tupu.

Mheshimiwa akasoma kwa sauti: Mheshimiwa... anaunga mkono kwa nguvu zote.

Nilidhani nimezimia na naota. Nikachungulia juu ya bega lake. Kupitia tundu palionekana maandishi ya karatasi ya nyuma yake, mstari uleule, sentensi kuhusu kuongezwa kwa maegesho yenye kivuli kwa magari ya viongozi. Jambo hilo halijafutwa hata mara moja tangu daftari linunuliwe. Mheshimiwa akasema hata yeye alikuwa hajui kwamba anaunga mkono kwa nguvu zote, lakini ndivyo alivyo, akipenda jambo hupenda. Akasaini.

Ng'ambo ya korido Bibi Msimamo, aliyeamini ile karatasi yangu ya fotokopi, akasaini pia.

Tarishi alipotoka na nakala zote mbili zenye saini, makarani walijaa milangoni kutazama. Wakubwa wawili walikutana uso kwa uso. Bibi Msimamo akamuuliza Mheshimiwa amesaini nini. Mheshimiwa akamuuliza yeye amesaini nini. Wote wawili wakaegemea ukuta, kila mmoja wake. Wamekubaliana! Kwa mara ya kwanza katika maisha yao! Bibi akasema amerogwa. Mheshimiwa akaomba kiti. Kisha, mbele ya waandishi wa habari, kila mmoja akasema huu ulikuwa mpango wake tangu zamani, na kila mmoja akaahidi kwamba mwezi ujao atautazama upya.

Tai Nyekundu alikuwa amekaa kwenye ngazi, uso kauficha ndani ya ile tai yake, mabega yanatikisika. Anacheka, mshenzi! Au analia kwa kushindwa. Sikusimama kuuliza.

Jumatano, tarehe 12

Mama amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Karani wa hospitali aliandika jina lake kwenye fomu ya bima kwa wino. Nilimwomba arudie kunionyesha. La kushoto ni mwezi ujao.

Nilikaa kwenye benchi nikitunga sindano kwa kuwa mikono ilikataa kutulia. Nesi akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikasema mimi ni mwoga tu.

Na hapo nani akatokea? Tai Nyekundu! Mpaka hospitali wamemtuma! Anasukuma kiti cha magurudumu, na juu ya kiti kuna mzee. Kajipanga barabara, hata mzee kaleta. Akatoa ile bahasha ya kahawia, ndani picha ya eksirei ya nyonga, akamkabidhi daktari. Nilijificha nyuma ya mmea wa plastiki. Nyonga ya nani? Haikuwa na jina upande wangu.

Alhamisi, tarehe 13

Wamemfungua Mama kitambaa. Alipepesa, akanitazama muda mrefu. Nikajiandaa kwa baraka. Akasema kola yangu chafu na nimekonda. Kisha akachukua sindano, akachukua uzi, akaulamba ncha, akapitisha. Mara moja! Akaishika ile sindano mbele ya dirisha, akaitazama tu. Ilinibidi nitoke nje kidogo, nina mafua.

Niliporudi nilipigwa na butwaa. Mama anapiga soga na yule mzee wa kiti cha magurudumu, kitanda cha pili! Wanacheka kama ndugu waliopotezana. Mzee amemsimulia kuwa mwanawe ni karani wa muda, kwamba nyonga hii imemlaza miaka miwili, na kwamba Alhamisi iliyopita kijana alifuta kitabu cha bosi wake mara tatu ili muswada upite, nusura apate kichaa.

Mara tatu! Kwa ufutio! Ameniibia mbinu yangu! Miaka minne alikuwa wa kwanza, kumbe ndivyo alivyokuwa anafanya.

Mama akanishika mkono, akasema mwanangu, yule mwenzako mna shida moja, na mwezi ujao wakubwa wenu wanaigeuza tena karatasi, kabla ya jicho la kushoto. Kaeni chini mzungumze, vichwa viwili si sawa na kimoja. Akasema kijana mwenyewe ameniulizia mimi mara tatu pale wodini, na kwamba ana macho ya mtu mwema.

Nimemwitikia, ndiyo Mama. Sikutaka kumbishia akiwa kitandani.

Njiani nimenunua futio mbili mpya, laini, zisizotoboa, na karatasi ya kuandikia SIRI. Nitaisahau kwenye mashine ya fotokopi Jumatatu. Tai Nyekundu ataimeza nzima nzima.

Simlaumu Mama. Kwa sasa anaona kwa jicho moja tu. La pili likifunguliwa, atawajua watu.