Ziwa la Kumwonyesha Kukhu

Alhamisi, 10 Julai 2025. Riyadh

Mpango umekamilika. Kesho alfajiri tunaondoka kwenda Taif, milimani, halafu tunateremka hadi Jeddah. Baba Joy anadhani ni likizo. Nimemwacha adhani.

Ukweli ni huu. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Kukhu, yaani bibi, yuko nyumbani Bungoma na anamtaka Joy. Joy ana miaka sita na jina lake la nyumbani ni Nekesa, jina la Kukhu mwenyewe, kwa hivyo Kukhu anamhesabu kama kitu chake alichoniazima. Anasema mtoto anayelelewa ndani ya AC, asiyejua mlima wala mto, ni kama mche uliopandwa kwenye mkebe. Anataka Joy aanze darasa la kwanza huko kwake. Reuben, anayefanya kazi na Baba Joy, anaenda nyumbani mwisho wa mwezi na amekubali kusafiri naye. Baba Joy amemwahidi mama yake jibu tukirudi safari.

Mimi sijaulizwa. Ni kama mtoto aliletwa na posta.

Kwa hivyo Kukhu ataonyeshwa kwamba Saudia pia kuna milima na maziwa. Nimeangalia ramani ya simu. Karibu na Taif kuna doa la buluu, refu, zuri. Ziwa. Joy atapigwa picha miguu ikiwa majini, Kukhu aone, anyamaze. Nimempakia gauni la manjano. Manjano hutoka vizuri kando ya maji.

Fred ana mwaka mmoja na anaota meno. Hayumo kwenye mpango.

Ijumaa, 11 Julai. Taif

Kutwa nzima barabarani. Fred alilia kuanzia Riyadh, akanyamaza kumtazama ngamia, akaendelea pale alipoachia. Joy aliuliza kwenye kila kituo cha petroli kama hapa ndipo ziwani. Baba Joy akauliza ziwa gani. Nikasema watoto wana maneno.

Kuna kitu alisema tukiwa katikati ya jangwa na nimekibeba hadi huku. Alisema alipokuwa na umri wa Joy walikuwa wakiteleza mlimani wamekalia gogo la mgomba, wanarudi nyumbani wekundu kwa udongo, na Kukhu anawachapa huku anacheka. Akamwangalia Joy kwenye kioo. Akasema huyu hajawahi kuchafuka vizuri hata siku moja.

Hakusema kwa ubaya. Nilikumbuka lile doa la buluu, nikatulia.

Jumamosi, 12 Julai. Taif

Ziwa halina maji.

Tulifuata ramani hadi lami ikaisha, tukafuata changarawe hadi nayo ikaisha. Mbele yetu bonde pana la tope lililokauka na kupasukapasuka, na mbuzi. Nilishuka nikasimama pale na taulo begani. Mchungaji mmoja Msudani alikuja kututazama. Nikamwonyesha simu, doa la buluu. Akacheka hadi akashika magoti. Mafi moya, akasema, maji hakuna. Hapa panajaa mvua ikinyesha. Nikauliza hunyesha lini. Akaangalia mbingu, kisha akaangalia mbuzi wake, kama mbuzi ndio wanaojua.

Kwetu ukiona buluu kwenye ramani unabeba sabuni, unaenda kufua. Hapa buluu ni mahali ambapo maji yana ruhusa ya kuja.

Baba Joy aliuliza, kwa upole kabisa, kama tumetoka Riyadh kuja kuona tope. Nilimwambia ni elimu ya watoto. Joy alikuwa ametumbukiza mguu kwenye ufa, anamwambia Fred hapo ndipo samaki hulala.

Sikukata tamaa. Nyumba tuliyokodi ina kidimbwi cha kuogelea uani, na nyasi kidogo. Nilimkalisha Joy ukingoni, nikainama hadi ukuta ukatoka kwenye picha, nikaituma. Nikaandika, Joy ziwani.

Kukhu alijibu kwa sauti. Nimeisikiliza mara mbili. "Mueni mwanangu, ni kuzuri. Lakini hilo ziwa lina ngazi ya chuma."

Jumapili, 13 Julai. Jeddah

Leo ilikuwa zamu ya milima. Mlima hauna ngazi ya chuma.

Kabla ya kuteremka tulisimama pale Al-Hada, mahali pa kutazama bonde. Upepo mtamu, mawingu chini yetu, hata Fred alinyamaza. Nikampigia Kukhu video, nikamweka Joy mbele ya mlima na ndizi mkononi, aonekane mtoto anayekula matunda. Kukhu akasema ala, kweli ni mlima. Nikamwona Baba Joy anatabasamu. Nikajiambia, Mueni, umeshinda.

Kisha Kukhu akauliza yule nyuma ya mtoto ni nani.

Alikuwa nyani. Nyuma yake wengine, familia nzima, nao wako likizo. Yule mkubwa alichukua ndizi mkononi mwa Joy taratibu, kama mtu anayepokea chenji. Mwenzake akachukua mkoba wa nepi za Fred na kuufungua kwa utaratibu zaidi kuliko ninavyoufungua mimi. Nilipiga mayowe. Baba Joy alipiga mayowe. Kukhu peke yake ndiye aliyekuwa ametulia, anatoa amri kutoka Bungoma: usimtazame machoni, mvute mtoto nyuma, mwachie mkoba. Amefukuza nyani shambani maisha yake yote. Tulifanya kama alivyosema. Joy hakulia. Alisema yule nyani alikuwa na mikono baridi.

Nepi zote ziko mlimani. Kukhu alingoja tuingie garini, akasema neno moja tu, kwamba anamwombea mtoto. Najua maana ya maombi hayo.

Tukateremka kona baada ya kona, tukashika ile njia ya wasio Waislamu inayozunguka Maka, Fred amefungwa taulo la ziwani. Nilikuwa nimeshika mkono wa Joy kwa nyuma, ule wa ndizi, hadi bega likafa ganzi.

Tumefikia kwa Rosebellah, binamu yake Baba Joy, huku mtaa wa Al-Baghdadiyah. Ni nesi. Ana kochi jeupe. Mtu mwenye mtoto hawezi kuwa na kochi jeupe, nikamwambia Baba Joy jikoni. Akanikumbusha kwamba Rosebellah ana mtoto. Anaitwa Elly, alimpeleka kwa bibi yake Webuye akiwa na miaka miwili. Sasa ana minane.

Kwenye chakula Rosebellah alisema maneno yote niliyoyaogopa. Kwamba kumpeleka Elly ndio uamuzi bora alioufanya. Anafanya kazi bila wasiwasi, mtoto anajua lugha ya kwao, anakula mboga za shambani. "Mama Joy, wewe mwangalie tu Elly. Mwanaume kamili." Chapati zake zilikuwa ngumu. Nimefurahi kuliandika hili.

Jumatatu, 14 Julai. Jeddah

Asubuhi mpango wa mwisho. Ufukweni pale Kornishi bahari ilikuwa imetulia kabisa, na ukiangalia haraka huwezi kujua si ziwa. Joy na gauni la manjano, miguu majini. Nikapiga video. Kukhu akatazama kwa muda mrefu. Akauliza ziwa hili linaitwaje. Nikasema Ziwa la Jeddah. Akauliza ng'ambo yake ni wapi. Nikasema ni mbali. Joy, ambaye nimemfundisha asiseme uongo, akaramba kidole na kumwambia Kukhu ni chumvi. Kukhu akasema hmm. Hmm yake ina vyumba vingi, sikujua yuko kwenye kipi.

Jioni Rosebellah akampigia Elly ili Joy amsalimie. Alijipaka mafuta ya mdomo kwanza. Elly alitokea, mrefu, nadhifu. Akasalimia vizuri sana, vile unavyomsalimia mwalimu mkuu. Masomo ni mazuri, asante. Chakula ni kizuri, asante. Viatu vilifika, asante. Rosebellah akamwuliza anataka aletewe nini. Akasema chochote, asante. Kisha akaomba ruhusa aende, akageuka akaita, "Mama, chukua simu, wamemaliza." Akaja bibi yake.

Rosebellah aliongea na bibi maneno mawili matatu kuhusu mvua, akaingia jikoni, akaanza kuosha vikombe. Vilikuwa visafi, niliviosha mwenyewe. Nikamfuata, nikachukua kitambaa, nikaanza kuvikausha. Akasema mtoto amezoea tu kusema hivyo. Nikasema ndiyo, dada, watoto huzoea. Tukaosha vyote. Nikimaliza kukausha kimoja anakichukua tena, nami nikamwachia.

Niliporudi sebuleni Fred alikuwa ametapika kwenye kochi jeupe. Baba Joy alikuwa hajaona. Alikuwa amempakata Joy mapajani, kidevu chake juu ya kichwa cha mtoto, anatazama televisheni iliyozimwa. Rosebellah aliliangalia lile doa, akasema liache tu.

Jumatano, 16 Julai. Riyadh

Tumefika jana jioni. Baba Joy aliegesha gari, akampigia Reuben kabla hatujashusha mizigo. Akamwambia asijisumbue, Joy haendi. Halas, basi. Kisha akampigia mama yake, akatoka nje kuongea. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nilimfinya mkono, nikaenda kumlaza Joy, nikalala pale pale kando yake na viatu vyangu.

Nimefikiria sana ni nini kilichomgeuza. Ni ile video ya Ziwa la Jeddah. Nilijua tu. Subira na maandalizi.

Leo Kukhu amenipigia mwenyewe. Hakuna hasira. Anasema amekubali, kwa sababu ameona nchi yenyewe. Milima ipo, nyani wapo, na lile ziwa la chumvi linafaa sana kwa magoti yake. Kwa hivyo mtoto akikataa kuja kwake, yeye atakuja kwa mtoto. Mwezi ujao. Atakaa miezi mitatu. Baba Joy ameshaanza kushughulikia viza.

Nilisema tumefurahi sana, Mama. Akauliza huko atakuwa akifanya kazi gani, maana hawezi kukaa bure. Hapo ningeweza kumwambia tunaishi ghorofa ya tatu. Nikajikuta nimesema tuna shamba la sukuma wiki nyuma ya nyumba, zimestawi, zinahitaji tu mtu wa kupalilia.

Atabeba jembe lake.

Si tatizo kubwa. Bawabu amesema paa linabeba udongo mradi usiwe mwingi. Sukuma huchukua wiki sita, na mimi nina nne, lakini kwa joto hili la Riyadh huenda zikaharakisha.