Moshi wa Soya Kubebeshwa Nguruwe Wangu

Daktari Halvorsen, Mpimaji Mkuu wa Moshi,

Mimi Verlyn Ruisch, mfugaji wa nguruwe hapa kaskazini mwa Iowa, ni mzima. Kilichougua ni jina langu. Ripoti yako ya dizeli ya soya, tangu mbegu hadi bomba la lori, ilisomwa kanisani kwenye mlo wa Jumatano. Jumatatu halmashauri ya kaunti, ambayo nayo imeisikia, inaamua kama nijenge banda jipya la nguruwe. Nikikubaliwa, binti yangu Kendra anarudi shambani. Nikikataliwa, anabaki mjini kuuza bima. Kwa hiyo nalalamika:

1. Umeandika kwamba soya ikikamuliwa, sehemu moja kati ya tano ni mafuta na nne ni mashudu, basi moshi wa trekta, mbolea na kiwanda ugawanywe kwa uzito. Mafuta anachoma jirani yangu Arlo Tjaden, mkulima wa soya, kwenye lori lake. Mashudu wanakula nguruwe wangu. Yaani Arlo alime, Arlo angurume barabarani, halafu lawama zilale bandani kwangu!

2. Arlo amebandika kwenye lori maneno "Dizeli Yangu Ni Safi". Akinikuta dukani ananiuliza mbele za watu, "Vipi Verlyn, wale wachafuzi wako wameamkaje?" Daktari, nguruwe hao hawajawahi kuwasha hata kiberiti.

3. Mke wangu Marlys ana kilo hamsini na tano, mimi mia na thelathini. Sasa kila tukigombana anasema sayansi imeamua nibebe asilimia sabini ya kosa, hata ugomvi ukiwa juu ya mama yake.

4. Nadai mashudu yaitwe takataka na moshi wote arudishiwe Arlo. Ikishindikana, nguruwe wangu wapewe leseni za udereva, wapate walau raha ya dhambi wanayobebeshwa.

Wasalimie wote wa maabara, hasa yule mama aliyepima pumzi ya dume langu bila kuziba pua.

Wako, katika moshi usio wangu,
Verlyn Ruisch

N.B. Kendra amepiga simu sasa hivi. Amesoma ukurasa wa arobaini na moja, ambao mimi sikuufikia: mafuta ya nguruwe nayo hutengenezwa dizeli, na kwa kuwa umeyaita mabaki ya machinjioni, hayabebi moshi wowote wa nyuma, yaani wa shambani na bandani. Kumbe nguruwe wangu ni watakatifu! Tafadhali usiguse hata nukta ya hesabu zako. Barua naituma tu kwa sababu stempu nimeshaibandika. Jumatatu Kendra mwenyewe anakuja kuisomea halmashauri ukurasa huo. Ameuliza kama chumba chake bado kina kitanda. Nimeshakitandika.