Romanus na Rodi ya Mzee Lekishon

Arusha nzima, toka Kijenge mpaka Tengeru, hakuna fundi umeme wa kumfikia Romanus. Nani kasema? Romanus! Ukimwita fundi haitiki, anataka Injinia.

Huyu Injinia alikuwa hoi kwa Naserian, binti wa Mzee Lekishon wa Nduruma. Akaandika barua ya posa, kurasa tatu. Mzee akaitia kwenye mfuko wa koti bila kuifungua.

"Si wewe ni fundi? Niwekee umeme. Mkaguzi akiupitisha, barua naifungua siku hiyohiyo. Akiukataa, ondoka na barua yako."

Loo! Kazi ndogo! Romanus alitandaza waya siku mbili huku akitoa mhadhara ambao hakuna aliyeuomba.

"Mzee, umeme ukitoroka kwenye waya ukaingia kwenye pasi, unatafuta mtu wa kumpiga. Ethi ndiyo inauonyesha njia ya kwenda ardhini. Sasa, kuna nyumba zinaletewa ethi kwa waya wake peke yake toka kwenye transfoma. Nyingine, ethi na nyutro, ile njia ya umeme kurudi, vinachangia waya mmoja mpaka mlangoni. Wewe nakuwekea TT! Nyumba inakuwa na rodi yake yenyewe ardhini. Haiombi kwa mtu!"

"Hapo sawa," Mzee akasema. Hilo la kutoomba kwa mtu lilimkuna.

Ardhi nayo ina kiburi chake. Rodi ya shaba, mita moja na nusu, iligonga jiwe ilipofika futi moja. Romanus akapiga nyundo. Jiwe likakaa. Akalitukana kwa Kichaga. Jiwe likakaa. Ahamishe shimo? Naserian anamtazama! Injinia hahamishi shimo.

Akasubiri binti aende kuchota maji, akashika msumeno, akakata yote iliyobaki juu. Kisha akakifukia kile kisiki kwa mkaa, maji na kilo ishirini za chumvi, maana udongo wenye chumvi hupitisha umeme vizuri, na kipimo kitadanganyika. Jamani, chumvi! Kwenye boma lenye ng'ombe thelathini!

Mkaguzi, Mama Hedwiga, aliahidi kufika Jumamosi saa tatu asubuhi. Alifika saa kumi na moja jioni, sambamba na ng'ombe wanaotoka malishoni.

"Shikamoo mzee." Akaunganisha nyaya za kipimo chake, akabonyeza, akasoma. "Safi. Rodi ni mita ngapi?"

"Moja na nusu, mama! Imezama yote!"

Mkono wa Mzee ulikuwa tayari mfukoni. Romanus alishaanza kuchagua suti ya harusi.

Ng'ombe mmoja mwekundu akanusa. Akalamba. Kufumba na kufumbua wako kumi, ndimi zinakwangua, kwato zinachimba, mkaa unaruka! Romanus akavuta mkia wa mmoja, akala teke la goti.

"Waondoeni jamani! Watapigwa shoti!"

"Shoti gani, na umeme haujaunganishwa?" akauliza Mama Hedwiga.

Hapo dume likatia pembe shimoni, likainua kichwa. Waya wa ethi ulikuwa umenasa kwenye pembe, na kwenye ncha yake inaning'inia rodi, fupi kama mwiko wa ugali.

Mama Hedwiga akatoa futi kamba. "Sentimita thelathini na moja." Akaandika neno moja tu kwenye fomu: IMEKATALIWA. Neno lilikaribia kuizidi rodi kwa urefu.

Naserian alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile kilimuuma Romanus kuliko teke. Akanyoosha mkono arudishiwe barua yake aende zake.

Mzee hakumpa. Aliifungua, akaisoma taratibu, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Umeandika hapa una ng'ombe arobaini, kwenu Tengeru."

Romanus akatazama viatu vyake. Tengeru alikuwa na sungura watano.

"Mwanangu," Mzee akamgeukia mkaguzi, "Jumatatu una nafasi? Kuna ng'ombe nataka ukanipimie."