Zamu Yenu ya Kuchuma Chai Imefika

Kikundi cha Egesangio,
Nyansiongo, Nyamira.

Kwa Mkurugenzi wa Wafanyakazi,
Shirika la Ndege la Tai Mweupe,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: KUTOFIKA KWENU SHAMBANI

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa katibu wa wakulima ishirini na wawili wa chai. Jambo lenyewe linamhusu Loice Mokeira, binti wa hapa kwetu, fundi wa injini za ndege, ambaye mlikuwa mmemwajiri kwa miaka sita. Ijumaa moja ya mwezi wa Machi mwaka jana mlimwachisha kazi pamoja na wenzake sitini. Jumatatu wakala wenu alimpigia simu arudi kwenye injini ile ile. Tofauti ni kwamba sasa si mwajiriwa, ni mtu wa "kuitwa kazi inapohitajika".

Maneno hayo hayakutushtua. Hapa kwetu ndiyo egesangio: ukihitaji mikono unaita wenzako wakuchumie chai, nao wakikuita unakwenda. Tulifurahi kwamba shirika kubwa limeachana na mambo ya ajira na kufuata desturi ya Wagusii. Tukawaandika kwenye daftari la zamu, nambari ishirini na tatu. Mpaka leo hamjaonekana. Tunalalamika hivi:

1. Mmemwita Loice mara tano, naye amefika mara tano. Sisi tumewaita mara tano kupitia wakala. Mara ya kwanza dada aliyepokea simu aliuliza ni chai gani. Mara ya tano hakupokea.

2. Anayeita hulisha. Loice anasema siku hizi chakula cha karakana ni cha walioajiriwa tu. Hata Osoro wa kikundi chetu, ambaye ubahili wake unajulikana hadi Kiogoro, hutoa uji.

3. Mwezi uliopita mlisema redioni kwamba nchi imekosa mafundi wa ndege wenye uzoefu, na kwamba mtawatafuta ng'ambo. Mmoja wao alikuwa akisikiliza tangazo hilo huku akikama ng'ombe.

4. Leseni ya fundi hufa asipofanya kazi miezi sita katika miaka miwili. Mnamwita siku tatu tatu. Kwa mwendo huo itakufa Desemba, kisha mtamwandikia kwamba hafai kuajiriwa kwa kuwa hana leseni. Hilo ndilo linalomkosesha usingizi mama yake, Gesare, wala si chai.

5. Mliowaachisha kazi ni sitini na mmoja, na kila mmoja ana kwao. Kwa hiyo zamu zenu ni nyingi kuliko mlivyodhani. Mwenzake Loice aitwaye Owino, wa kitengo cha magurudumu, kwao wanalima mpunga. Huko mtainama ndani ya maji kutwa nzima.

Tunaomba moja kati ya mawili. Ama mumrudishie Loice ajira yake ya kudumu, kwa maandishi, kabla ya Desemba. Ama mje wakubwa wanane, akiwemo yule aliyebuni neno "inapohitajika". Tunachuma majani mawili na chipukizi, na jani la tatu linarudishwa. Kutuma wakala hakukubaliki. Nilipomsomea Gesare rasimu ya barua hii, aliongeza jambo moja tu: "Wakija, waje na vikapu vyao."

Mtusalimie marubani, wahudumu, wapakiaji mizigo, na yeyote ambaye bado ana mkataba hapo ofisini. Mwambieni asiuache mezani.

Ni mimi mwenzenu wa zamu,
Onsongo Ogari,
Katibu.

N.B. Binti yangu Nyamusi alihitimu mwaka jana katika chuo cha wahudumu wa ndege mjini Kisii, na yuko nyumbani tangu hapo. Nasikia wakala wenu ameanza orodha ya wahudumu wa kuitwa. Tafadhali mwandikeni, hata awe wa mwisho. Chakula asipewe, atabeba ndizi zake. Na kuhusu shambani, msijisumbue kuja. Zamu yenu nitaichuma mimi.