Kitanda cha Tano cha Karavani

Jumatatu, 16 Machi

Shajara mpya. Ile ya zamani Edie ameitumbukiza bafuni. Si hasara. Ilikuwa na kurasa tatu tu, na mbili zilikuwa michoro.

Habari kubwa! Dada Tamsin amenunua karavani. Kuukuu, nyeupe, ina harufu ya soksi za mzee. Pasaka tunakwenda Robe, baharini. “Tunakwenda” nasema mimi. Dada hajasema. Vitanda ni vitano. Yeye na shemeji Garth viwili, Bibi Merle kimoja, Edie kimoja. Edie ni mpwa wangu, mwaka mmoja na miezi tisa, mtu mwenye nguvu kuliko wote hapa Mildura. Kitanda cha tano hakina mwenyewe.

Mwaka jana walikwenda milimani, mimi nikaachwa kulisha kuku. Mwaka juzi vilevile. Kuku wananijua kuliko ndugu zangu.

Mezani nikauliza kitanda ni cha nani. Dada akasema ni cha yeyote atakayeonekana ana manufaa katika safari yenye mtoto mdogo, na atatangaza Jumapili. Nikauliza nashindana na nani. Dada akamtazama Bibi. Bibi akatazama viazi vyake. Kisha dada akasema: tuseme, Fergus.

Fergus! Binamu yake shemeji. Anasomea uuguzi. Anapiga pasi hata shati la kulalia. Mimi niliacha shule darasa la kumi kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha. Wao wanaeleza vingine.

Siri, naiandika hapa tu: Edie hajawahi kuiona bahari. Nataka niwepo siku atakapoiona. Basi. Fergus asijue.

Jumanne, 17 Machi

Mpango wa kwanza: kofia. Sheria ya dada ni moja, asiye na kofia hachezi nje, jua lisije likambabua. Edie anachukia kofia. Wiki iliyopita alirusha nne kwa jirani. Mkono anao! Siku moja atacheza kriketi ya taifa, nami nitasema nilimwokotea mipira.

Nikapaka asali kidogo ndani ya kofia ili ing'ang'anie. Akili hiyo! Iling'ang'ania kwa dakika mbili. Edie akaonja asali iliyomtiririkia puani. Akafikiri. Akaivua kofia, akaigeuza, akailamba kama bakuli. Kisha nzi. Nzi wote wa bonde la Mto Murray walipata habari. Dada akatoka nje, akaniuliza kwa upole kama kichwani mwangu kuna mtu au ni nyumba ya kupangisha.

Jioni akaja Fergus na keki ya karoti. Akavaa kofia yake. Akamvalisha kuku mmoja leso. Akalivalisha kopo la kumwagilia maji kofia ya Bibi. Akakaa chini. Edie akatazama, akaingia ndani, akarudi na kofia yake kaivaa mwenyewe. Kinyumenyume, lakini kaivaa.

Hila chafu. Nimeinakili ukurasa wa nyuma.

Jumatano, 18 Machi

Leo ilikuwa siku ya kupiga rivasi. Karavani ilipaswa kuingizwa uani kinyumenyume, ifungwe vizuri, ipakiwe. Mtaa wetu una adabu zake: ukisikia mtu anarudisha karavani nyuma, unachukua kiti cha kukunja na bia, unakaa ng'ambo ya barabara, unasaidia kwa macho. Walikuja tisa. Mzee Kowalczyk wa nyumba ya pili alikuja na sanduku la barafu.

Nikajitolea. Nikatangaza kwamba kazi hii nimezaliwa nayo. Shemeji Garth akanikabidhi funguo kwa uso wa mtu anayeaga gari lake.

Siri ya karavani ni hii: ukitaka iende kulia, usukani unapinda kushoto. Niliijua siri hiyo. Mikono yangu ndiyo haikuijua. Mara ya kwanza tukaelekea bustani ya waridi. Mara ya pili gari na karavani vikatazamana kama watu wanaotaka kupigana. Mara ya tatu, kwaheri sanduku la barua. Mzee Kowalczyk akapaza sauti: “Kijana, unaegesha au unalima?” Mwingine akauliza kama msimu huu napanda ngano. Mtaa mzima ukacheka. Edie alikuwa begani kwa Bibi akipiga makofi. Yeye peke yake aliniamini.

Shemeji akajaribu. Waridi zilizobaki zikaisha.

Ndipo dada Tamsin akatoka jikoni. Mkono mmoja biskuti. Akaingia, akatazama kioo kimoja, akatazama kingine, akarudi nyuma mara moja tu, taratibu, kama mtu anayefunga droo. Karavani ikaingia katikati kabisa. Akashuka. Biskuti hata hakuimaliza.

Wale tisa wakasimama kwenye viti. Hata mimi nilisimama. Yule ni dada yangu, tumbo moja! Damu ni ile ile, kwangu inachelewa tu kufika mikononi.

Alhamisi, 19 Machi

Ushindi! Karibu.

Dada ameipanga safari nzima kwa usingizi wa Edie. Zaidi ya kilomita mia tano, na kila kituo kimewekwa pale anapoamka. Hakuna jenerali aliyewahi kupanga hivyo. Nikaomba nimzungushe Edie na gari ili tupime analala muda gani. Akanipa dakika arobaini.

Akalala tulipofika Red Cliffs. Usingizi mzuri, mdomo wazi, ngumi moja juu kama ameshinda uchaguzi. Shida: gari likisimama, anaamka. Kila mzazi wa nchi hii anajua. Basi sikusimama. Nikarudi mjini, taa nyekundu mbele yangu, nikaingia mtaa wa pembeni. Merbein. Wentworth, ng'ambo ya mto, jimbo jingine kabisa. Nikarudi. Nikaenda tena. Kibofu kikaanza kunidai. Nikaimba kimoyomoyo.

Masaa mawili na dakika kumi! Rekodi! Nilipofika nyumbani dada alikuwa langoni, na shemeji, na Fergus, na Mzee Kowalczyk na kiti chake. Simu nilikuwa nimeizima isimwamshe mtoto. Dada hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba amezeeka miaka sita tangu chakula cha mchana. Nilitaka kujibu, lakini choo kwanza.

Edie akaamka anacheka. Shahidi wangu.

Ijumaa, 20 Machi

Nimepata dawa. Fergus kwisha habari yake.

Wiki ya tatu sasa Edie hali kitu ila ukoko wa mkate na zabibu za mzabibu wa Bibi. Dada anazikata kila moja kwa urefu, vipande vinne, zisimkabe. Bila zabibu, Edie anapiga ukelele unaosikika mpaka mtoni. Sasa: safari inavuka mpaka wa Australia Kusini. Pale mpakani tunda bichi halipiti, hata zabibu moja, kwa ajili ya nzi wa matunda. Mtoto wa Mildura anajua hilo kabla hajajua jina lake. Dada amepanga matunda yaliwe yaishe kabla ya mpaka, na mengine yanunuliwe upande wa pili.

Na katikati? Njia ndefu, nyika, Edie anadai zabibu? Hapo ndipo mimi naingia. Natoa kikopo. Edie ananyamaza. Dada analia kwa furaha. Fergus anashuka, anarudi nyumbani kwa miguu.

Nimekata zabibu mchana kutwa, vipande vinne vinne, kwa heshima zote. Vikopo kumi na kimoja. Kimoja ndani ya mto wa kulalia, kimoja kwenye birika, kimoja nyuma ya tangi la choo, vingine siandiki hata hapa. Edie alinisaidia kubeba. Hasemi maneno mengi, kwa hiyo siri iko salama.

Usiku tunalala wote ndani ya karavani uani, mazoezi. Kitanda cha tano nalalia mimi kwa majaribio. Fergus hakuja. Kaogopa!

Jumamosi, 21 Machi

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri Edie aliamka. Akasimama, akashika ukingo wa kitanda chake, akautikisa kama mfungwa. Dada usingizini. Shemeji usingizini, ingawa niliona jicho lake moja likifunguka na kufungwa. Kitanda cha tano kipo chini ya cha Edie. Mguu ukanikanyaga sikio. Nikamtoa nje, tukawaamsha kuku, tukatazama mwezi ukiondoka. Akaupungia mkono. Sijawahi kuona mtu akiuaga mwezi kwa heshima namna ile.

Hadi hapo, safi.

Saa tatu Bibi Merle akatoka nyumbani amevaa koti la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa. Mimi na akili zangu zote nilikuwa nimesahau jambo moja: Bibi alifanya kazi kwenye kituo kile cha mpakani miaka ishirini na sita. Mpaka leo akikukumbatia anakupapasa mifuko.

Akasimama mbele ya karavani. Akanyoosha mkono. Akauliza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo, kama tuna matunda, mboga au mimea yoyote ya kutangaza. Dada akasema hatuna. Mimi nikasema hatuna, tena mara mbili. Bibi akasema miaka yote ile, waliosema mara mbili ndio waliokuwa na mapera kwenye soksi.

Akaingia. Mto. Birika. Nyuma ya tangi. Dakika nne, vikopo saba! Miaka sabini na tatu, goti bovu, na nusu ya siku yangu ameifuta akiwa ameinama mara mbili tu. Nikasema ni hivyo tu, Bibi, haki ya Mungu. Hapo Edie akashuka ngazi peke yake, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la vifaa, akatoa cha nane. Akampelekea Bibi. Akarudi. Cha tisa. Cha kumi. Kila akitoa kimoja anasubiri apigiwe makofi. Cha kumi na kimoja akakitoa kwenye kiatu changu, nikiwa nimekivaa.

Kumbukumbu iliyoje! Mimi mwenyewe hicho nilikuwa nimekisahau, nikidhani nina uvimbe.

Bibi akatuambia faini ingekuwa kiasi gani. Shemeji akakaa chini kwenye nyasi. Dada akaniuliza swali moja, bila kelele, na hilo ndilo baya zaidi: kwa nini, Brodie? Nilikuwa na uongo mzuri wa aina tatu. Ukatoka ukweli. Nikasema Edie hajaiona bahari, nami nilitaka kuwepo.

Dada akageuka, akaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Kwisha. Kuku, nakuja.

Jumapili, 22 Machi

KITANDA NI CHANGU!

Dada ametangaza wakati wa chai. Sikusikia yaliyofuata kwa sababu nilikuwa juu ya kiti. Nilipotulia akasema tena: kitanda cha tano kina masharti yake. Anayelala pale ndiye anayeamka na Edie kila alfajiri, siku zote tisa. Nikasema hata siku tisini.

Nikamfuata Fergus langoni nimpe pole, maana mimi ni mshindi muungwana. Akanitazama kama mgonjwa wake. Akasema pole ya nini, kaka, yeye Pasaka anakwenda Tasmania na mchumba wake, tiketi amekata tangu Januari. Dada alimtajia kitanda hicho Krismasi, akamwonyesha kilipo, chini ya Edie, kwenye picha ya karavani aliyotaka kuinunua, naye akakataa kabla hajamaliza pudini. Wiki hii alikuwa anakuja kutengeneza breki za karavani tu. Akanishika bega, akanitakia usingizi mwema.

Nimekaa na habari hizo saa nzima, nimezielewa. Fergus alijua tangu Krismasi kwamba nitamshinda. Anavuka bahari kunikwepa. Na dada, jinsi anavyoogopa akili zangu, alijua hakuna mwingine wa kunishindanisha naye ili nitoe uwezo wangu wote. Nilipomwambia hivyo, alikubali haraka mno. Akaniongezea kipande cha keki. Bibi alikohoa mpaka akatoka nje.

Jumatatu, 23 Machi

Mazoezi ya kulala kwenye karavani yanaendelea hadi Pasaka. Nimetafakari suala la alfajiri. Siku tisa, saa kumi na moja kasoro kumi! Hapana. Mtu wa akili hafanyi kazi ya alfajiri, anamkabidhi mwingine.

Mpango wangu safari hii hauna kasoro. Jana jioni nilimfundisha Edie: akiamka, aite “Baba!” Shemeji aamke, mimi nilale. Tulirudia mara arobaini. Baba. Baba. Alikuwa ananitazama mdomoni kwa makini sana. Mwanafunzi bora kuliko mimi nilivyowahi kuwa.

Leo saa kumi na moja kasoro kumi akasimama. Akashika ukingo. Nikafumba macho, nikasubiri matunda ya elimu. Akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kwa sauti ya kuamsha mtaa, akaita:

“BODI!”

Mimi huyo! Brodie! Hakusema baba, hakusema bibi, hakusema kuku. Nilikuwa nje naye kabla mlango haujafunguka vizuri. Nimeandika haya nimekaa kwenye ngazi ya karavani, Edie magotini ananipaka uji kwenye ukurasa. Ndani, shemeji anakoroma kwa raha.

Somo la kwanza limepita vizuri mno. Leo jioni tunarudia, mara themanini.